Tumbusi Waliomshukia Babu

Bisha. Si unajifanya mjuaji? Wenye vyeti vyao wameshabisha, wakaishia kusogeza viti mbali nami. Shule niliiacha mapema, au yenyewe ndiyo iliyonichoka, lakini kwa kukata kioo na kufunga fremu, nitafutie mwenzangu mtaa mzima umkose.

Siku hiyo ilikuwa ya kawaida, jua limewaka vizuri. Nilikuwa makumbusho, nabadilisha vioo vya picha za kale za wanyama. Msimamizi wa pale, dada mmoja mpole, akanikabidhi picha ya tumbusi, wale ndege wa mizoga wenye shingo kama kuku aliyenyonyolewa. Walikuwa wamemzunguka mtu aliyelala chali majanini. Mmoja amemkanyaga kifuani.

Nikaangua kicheko. Mkono wa yule mtu ulikuwa na vidole sita, kama wa babu.

"Babu yangu huyo! Mzaa mama! Mpiga picha alimlipa ajifanye maiti, ndege washuke."

Kwetu kila mtu anaijua hadithi hiyo. Babu alijilaza, picha ikapigwa, akarudi nyumbani, akaoa, akamzaa mama.

Dada hakucheka.

"Tumbusi ni waoga, mdogo wangu. Wakikuona unapumua, hawakusogelei."

"Babu alikuwa bingwa wa kujikausha, dada. Nimerithi kwake."

"Kamera za zamani zilikuwa zinakawia kunasa picha. Chochote kilichotikisika kilitoka na ukungu." Akaweka kidole juu ya kioo. "Tazama."

Nikatazama. Majani, ukungu. Mabawa, ukungu. Hata yule ndege wa kifuani.

Babu alionekana wazi. Kope moja moja.

Jioni nikamwuliza mama. Alikuwa anakunja nguo. Alilikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Babu yako hakuwahi kula nasi," akanong'ona. "Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Mbwa walimpisha njia. Alishinda dirishani peke yake, tumbusi wametanda juu ya paa. Alisema hao ndio wanaomjua."

"Kaburi lake liko wapi?"

"Hatukumzika, mwanangu. Alitoka tu, akaenda majanini."

Nikajaribu kumtania. Akanishika mkono kuninyamazisha.

Akauachia upesi. Akajifuta kiganja kwenye kanga yake.

Basi, hapo ndipo huwa naishia, watu wakanizomea, tukacheka. Lakini wewe umekaa karibu kuliko wengine, kwa hiyo nikupe kipande ninachokiruka.

Jumapili nilikwenda uwanjani, nyuma ya maghala. Mchana kweupe. Nikajilaza majanini ili nipate uhakika. Na wala sikujikausha. Niliimba. Nilirusha miguu. Niliwatukana tumbusi waliokuwa wakizunguka juu mpaka sauti ikanikauka.

Wakashuka.

Mmoja akapanda kifuani pangu. Mzito. Ananuka. Nikainuka, nikakaa. Hakuruka. Alisogea kidogo tu, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi.

Shati hilo hapa. Alama za kucha hizi, mama amelifua mara ngapi sijui, hazitoki.

Na ulipokuwa unaingia humu karakanani kwangu, ulisikia kishindo cha mabawa juu ya bati, sivyo? Walikukimbia wewe. Ukiondoka tu, watarudi.

Kaa kidogo, basi. Hata usiponiamini. Kaa tu.