Gari Lililokula Kuni

Gari la Ognyan lilikuwa linakula faida yote. Huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Viazi viliuzwa, maharage yaliuzwa, jibini iliuzwa, lakini kiangazi kilipoisha fedha ya kuni haikuwepo. Na kwenye milima ya Rodopi, nyumba isiyo na kuni mwezi wa Novemba, theluji inapoanza, si nyumba. Mwaka uliopita walichoma ua wa banda. Mwaka huu hakukuwa na ua.

Jioni moja mwezi wa Juni, mkewe Nevena alisema mezani, bila kupandisha sauti:

"Mambo yakiwa hivihivi, Oktoba nakwenda Italia kulea wazee. Wenzangu watano wa hapa wako huko. Wanatuma fedha."

Ognyan aliweka kijiko chini. "Na mimi?"

"Wewe utabaki na kuku."

"Kuku hawanipendi."

"Basi mtazoeana."

Walicheka wote wawili. Lakini Nevena hakuwa anatania. Walikuwa wameoana miaka kumi na tisa. Tangu siku ya harusi, Ognyan hakujua kulala nyumba ambayo Nevena hayumo.

Mara tatu kwa wiki alipakia vani yake ya dizeli na kwenda soko la Plovdiv, kilomita tisini na tano. Barabara inashuka mlima kwa kona nyingi, halafu inanyooka kwenye tambarare. Ognyan aliendesha kwa haraka. Wakati wa kwenda alikimbilia nafasi nzuri sokoni. Wakati wa kurudi alimkimbilia mkewe. Alijua Nevena amepika patatnik, ile keki ya viazi na mnanaa, na hakutaka ipoe.

Tena kijijini kwao wanaume huhesabiana muda. Ukiingia mkahawani, swali la kwanza ni moja: "Umefika Plovdiv kwa dakika ngapi?" Mwenye dakika chache hununuliwa kahawa. Na kila dereva wa pale alirithi msemo wa baba yake: kushuka, mlima unaendesha bure. Maana yake, ukifika juu ya mteremko unatoa gia, unaweka nyutro, unaliacha gari liteleze lenyewe. Hakuna aliyewahi kupima kama ni kweli.

Mwezi wa Julai alikuja Velika, dada mkubwa wa Nevena. Velika ni dereva wa lori kubwa, anapeleka mizigo kutoka Sofia hadi Hispania. Ana sauti ya mtu aliyezoea kushinda kelele za injini. Nevena alipomweleza habari ya Italia, Velika aligonga meza.

"Wewe na mgongo wako huo unaouma? Utamwinua mzee gani? Shemeji!"

"Naam, shemeji," Ognyan akaitika kutoka uani.

"Kesho naenda nawe sokoni. Nataka nilione hilo gari linalokula kuni."

Waliondoka alfajiri. Ognyan alitaka kumwonyesha shemeji yake kwamba na yeye ni dereva. Alikanyaga mafuta mpaka injini ikalia, na kila alipofika kwenye kona alikanyaga breki. Akatoka kwenye kona, mafuta. Kona, breki. Velika alishikilia mlango.

Walipofika kwenye mteremko mrefu, Ognyan alitoa gia. Gari likateleza. "Unaona?" akasema. "Hapa mlima unaendesha bure."

"Harufu gani hii?"

"Ya kawaida. Breki hizo."

"Breki zinaungua, na wewe unaita kawaida? Simama pale pembeni."

Alisimama. Moshi mwembamba ulitoka kwenye magurudumu ya mbele.

"Sikiliza, shemeji," Velika akasema. "Ukiweka nyutro, magurudumu hayaizungushi injini. Injini lazima ichome dizeli ili isizimike. Lakini ukiacha gia na ukaondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanaizungusha. Gari kama hili lako linakata dizeli lenyewe. Halinywi hata tone. Tena injini inalishika gari, breki zinapumzika."

"Baba yangu alishuka hapa na nyutro miaka thelathini."

"Baba yako alikuwa na gari la zamani, namna nyingine kabisa. Na hata yeye, Mungu alimpenda tu. Weka gia."

"Je, nikizima injini kabisa?"

"Ukizima injini usukani unakuwa mgumu, na breki zinakuwa ngumu. Halafu mimi namtafutia mdogo wangu mume mwingine. Weka gia ya tatu, twende."

Breki zilipopoa waliondoka. Gari lilishuka likivuma taratibu, na Ognyan hakugusa breki mara nyingi. Alishangaa.

Kwenye tambarare alirudia tabia yake. Sheria pale ni kilomita tisini kwa saa. Yeye alifika mia na ishirini.

"Punguza hadi sitini kidogo," Velika akasema. "Nyuma hakuna mtu." Akateremsha kioo, akatoa kiganja nje. "Toa na wewe mkono wako."

Ognyan akatoa mkono wa kushoto, maana kwao usukani uko kushoto. Upepo uliusukuma kidogo.

"Sasa panda hadi tisini."

Upepo ukausukuma mkono nyuma, akalazimika kukaza bega.

"Basi, urudishe. Hicho ni kiganja tu. Sasa fikiria uso mzima wa hili gari, na hiyo keria yenye makreti uliyoifunga juu kama taji. Upepo hauongezeki polepole kama mwendo. Kutoka tisini hadi mia na ishirini, mwendo umeongeza theluthi moja, lakini upepo unakusukuma karibu mara mbili. Nani analipia huo msukumo?"

"Mimi."

"Wewe na Nevena."

Jibu hilo lilimwingia. Mpaka sokoni Ognyan hakuvuka tisini.

Wakati wa kurudi waliingiza makreti ndani na kuifungua keria. Velika alijaza upepo kwenye matairi mawili yaliyokuwa yamelegea. Kisha alinunua ayrani, yale maziwa ya mgando yaliyozimuliwa kwa maji, akaishika kwenye kikombe kisicho na kifuniko, kimejaa hadi ukingoni.

"Ukinimwagia," akasema, "sketi hii utaifua wewe."

"Shemeji, huko ni kupanda mlima!"

"Ndiyo maana nakufundisha. Usiangalie gari lililo mbele yako tu, angalia mbali. Ukiona kona, au taa nyekundu, ondoa mguu mapema, gari lipungue lenyewe. Kila ukikanyaga breki unatupa mwendo ulioulipia. Na wakati wa kuondoka, usirukie. Kanyaga kwa ustaarabu, badilisha gia kabla injini haijaanza kupiga kelele."

Kona ya kwanza ilimwaga kidogo. Ya tano haikumwaga. Walipofika kijijini, nusu ya ayrani ilikuwa imemwagika na nusu Velika alikuwa ameinywa.

Nevena alikuwa mlangoni. "Mmechelewa. Patatnik imepoa."

"Ipashe," Velika akasema. "Bora patatnik ipoe kuliko nyumba."

Tangu siku hiyo Nevena alishika kazi ya kupima. Velika alimfundisha njia rahisi. Jaza tangi mpaka bomba la mafuta likate lenyewe. Soma kilomita kwenye dashibodi. Nenda safari na urudi, kisha jaza tena hapohapo na mpaka kiasi kilekile. Lita zilizoingia ndizo ulizochoma. Zamani, kwa kwenda na kurudi, gari lilikuwa likichoma lita ishirini na tatu. Sasa lilichoma kumi na saba.

"Lita sita?" Nevena akamwuliza mumewe. "Kwa kuondoa mguu tu?"

Ognyan akatikisa kichwa huku na huku, maana kwao kutikisa hivyo ni kusema ndiyo.

Lakini mtu habadiliki kwa wiki moja. Mkahawani walimcheka. Rusko, jirani yake mwenye vani nyekundu, alimpita kila safari na kumpigia honi. "Ognyan!" alimwambia mbele ya watu. "Jana nilidhani unasindikiza jeneza. Nikavua kofia." Watu walicheka mpaka vikombe vikatikisika.

Siku moja mwezi wa Agosti Ognyan alishindwa kuvumilia. Rusko alimpita kwenye tambarare, na yeye akamfukuza. Jioni Nevena alisoma risiti ya mafuta.

"Leo ulikimbizana na nani?"

Ognyan alitazama viatu vyake. "Rusko."

"Ulimpita?"

"Nilimpita."

"Hongera. Umepitisha na lita tano." Akamwekea chakula, akakaa karibu naye. "Mimi sikukuomba uwahi, Ogi. Nilikuomba tubaki wote hapa. Ukichelewa nitakungoja. Kukungoja naweza. Kuishi Italia nimekuacha hapa, hilo ndilo siliwezi."

Hakumfukuza tena Rusko. Alianza kuondoka nyumbani mapema zaidi, ili nafasi yake sokoni isichukuliwe. Rusko alipopiga honi, alimpungia mkono. Mwezi wa Septemba Rusko mwenyewe alikuja uani kwao jioni, akiwa peke yake, akauliza kwa sauti ya chini namna ya kusoma zile kilomita. Nevena alimwonyesha. Ognyan alimnunulia kahawa kesho yake, wala hakumsema mbele ya watu.

Mwishoni mwa Oktoba trekta lilileta kuni za mti mgumu wa mlimani, mita za ujazo tisa, zikapangwa chini ya paa mpaka dirishani. Zote zilinunuliwa kwa dizeli ambayo haikuchomwa: karibu lita kumi na nane kila wiki, kwa wiki kumi na sita, kasoro ile safari moja ya Agosti. Nevena hakwenda Italia.

Na gharama yake ilikuwa hii. Kushuka Plovdiv, dakika kumi na nne zaidi. Kupanda kurudi, dakika kumi na sita zaidi. Safari tatu kwa wiki. Jumla, saa moja na nusu kwa wiki.