Jina la Sita kwenye Bango

Mvumilivu hula mbivu, eti. Wilkista alikuwa amewaona wavumilivu wengi wakiokota zilizooza, kwa hivyo adhuhuri ile sokoni Kitale hakungoja watu wamkaribie. Alisimama kando ya darubini ya chama cha wanafunzi wa elimu ya nyota, viatu vyekundu vya mitumba miguuni, akiita kama muuza nyanya.

"Njooni mlione jua bila kupofuka!"

Kijana mrefu mwenye aproni ya duka la dawa za mifugo aliinama, akachungulia.

"Ati jua lina madoa?"

"Machache kuliko ya aproni yako."

Umati ukaangua kicheko. Kijana huyo, Kipkorir, alicheka kuliko wote, kisha akarudi kwenye foleni mara tatu.

"Bado hujaliona tu?" Wilkista akamuuliza.

"Jua nimeliona. Sasa natafuta namba ya simu."

Mwaka ukapita. Wilkista alisomea chuo kikuu Bungoma, Kipkorir akauza dawa Kitale, na simu zikazidi kuwa ndefu. Mwezi wa pili Wilkista alimletea bango: mhadhara wa wanafunzi wa shahada ya kwanza, Kitale, Jumamosi tarehe kumi na nne Machi. Kipkorir alilibandika mlangoni pa duka kwa mikono yake.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, alipiga simu sauti ikiruka kwa furaha.

"Malaika wangu! Wazee wametaja siku. Tunakuja kwenu Bokoli kukuposa, Jumamosi hii inayokuja, saa nne."

Wilkista aliweka kalamu chini. "Nani alikubali?"

"Mshenga alimpelekea senge yako neno, akakubali." Senge Pauline, dada ya marehemu babake, ndiye aliyemlea.

"Na mimi aliniuliza nani?"

"Si ni mhadhara tu, sweetie? Utasikiliza mwingine."

"Kusikiliza? Kipkorir, mimi ndiye ninayehutubia! Wanafunzi sita, dakika kumi kila mmoja, na mmoja wetu anapelekwa miezi mitatu kwenye kituo cha darubini huko Afrika Kusini. Jina langu ni la sita. Mlango wenye bango umeufungua kila asubuhi, hukulisoma mpaka chini?"

Akasikia mlango wa duka ukilia, Kipkorir akienda kulisoma.

"Basi isogezwe," akasema Wilkista.

"Wazee wakishataja siku haisogezwi, unajua. Ikisogezwa, wanasema nyumba imekataa posa."

"Nyumba haijakataa. Ila Jumamosi mimi niko Kitale."

Akakata. Hakupokea simu tena, za Kipkorir wala za senge. Alirudia hotuba yake mbele ya ndoo na kitanda cha hosteli mpaka akaweza kuisema bila karatasi.

Jumamosi alivaa kitenge cha njano ambacho senge alimshonea na kumtumia hosteli kwa ajili ya wageni. Ukumbini, zamu yake ilipofika, aliwaeleza wasikilizaji kuhusu nyota mbili zinazozungukana, moja ikiikinga nyingine mwanga kila baada ya siku tatu, na jinsi alivyoupima mwanga huo usiku arobaini bila kukosa. Katikati ya sentensi mlango ukafunguka. Kipkorir aliingia na suti ya kijivu, tai imepinda, jasho usoni. Wilkista alimtazama mara moja, akarudi kwenye mchoro wake. Sauti haikutetemeka.

Nafasi ile ya Afrika Kusini alipewa yeye.

Nje, Kipkorir alikuwa ameegemea gari la kuazima.

"Ulikuja kunichukua?"

"Nilikuja kukuchukua kwa nguvu, bana. Halafu nikakusikia ukiongea." Akajifuta jasho. "Nilipaswa kukuuliza kwanza. Ulikuwa mtu wa kwanza wa kuulizwa, nikakufanya wa mwisho."

"Miezi mitatu, Kipkorir. Utangoja?"

"Nitakupigia mpaka uchoke."

"Na wazee wako wakiondoka leo kwa hasira?"

"Waondoke. Mimi nitabaki."

Hapo ndipo Wilkista alipomnyoosha tai, akapanda gari.

Walifika Bokoli saa nane. Wageni walikuwa kwenye chai ya nne, wameketi wima kama watu waliokwisha kuamua kuondoka. Senge Pauline alimvuta mkono, akanong'ona, "Piga magoti, mwanangu, usituaibishe."

Mzee Rotich, amiye Kipkorir na msemaji wao, alikohoa. "Binti, tumekaa hapa tangu saa nne. Kijana wetu ametuacha, akakufuata. Sisi si watu wabaya. Utuombe msamaha tu, tufungue mazungumzo."

Wilkista aliwasalimu wote mmoja mmoja kwa mikono miwili. Kisha akasimama katikati ya sebule.

"Baba, nawaheshimu, na huyu kijana wenu nampenda. Mkikaa, chakula nitawapakulia mwenyewe. Lakini siku hii mliitaja bila kuniuliza, na kazi niliyoiendea ilikuwa yangu. Msamaha siombi. Si leo, si kesho."