Meno ya Papa kwa Treni ya Lobito

"Meno yanaondoka na treni ya bandari ya Lobito, saa nane mchana," ilisema simu. Alikuwa inspekta.

"Nani anayapeleka?"

"Delvigne. Kreti nne. Kamata wote."

"Na mzee anayeyasafisha?"

"Nimesema wote."

Simu ikakatwa.

Stanislas Mukalay, karani wa posta machoni pa watu, jasusi wa serikali ya Wabelgiji kwa siri, alisukuma bastola ya Browning chini ya koti, akawasha pikipiki yake ya Saroléa.

Mwaka ulikuwa 1956, katika mji wa migodi wa Kolwezi, Kongo. Miezi mitatu alikuwa akimwinda Delvigne. Mzungu huyo alinunua pwani meno ya papa waliotoweka duniani zamani mno, akawauzia wakusanyaji wa Ulaya. Kolwezi yenyewe haina jino hata moja. Mawe yake ni ya kale kuliko samaki. Biashara ya meno ilikuwa halali.

Almasi za Kasai zilizosafiri nayo hazikuwa halali.

Zilifichwa wapi? Ili ajue, Mukalay alijifanya mpenda meno. Alikwenda Kapata, mtaa wa nyumba za kampuni ya migodi, kwa mzee Tshimanga, msafishaji wa Delvigne, akawa mwanafunzi wake. Mzee hakumficha kitu. Jino la juu ni pana, la chini jembamba. Brashi laini, maji, subira. Kila jino lilazwe kwenye pamba, ncha ikitazama kushoto. Siku zote kushoto.

Mzee alimwita mwanangu, naye akamwita tata, yaani baba.

Chevrolet ya Delvigne ilikuwa ikiingia stesheni Mukalay alipoizibia njia. Breki zililia. Mkono wa Delvigne ukaingia kotini.

Browning ilikuwa imeshafika shingoni mwake.

Inspekta na askari walikuja mbio. Kreti zikafunguliwa jukwaani. Ya kwanza, meno. Ya pili, meno. Ya tatu, meno. Katika ya nne, trei moja ilikuwa na meno yanayotazama kulia.

Mukalay akaipasua pamba kwa kisu.

Almasi.

Lakini askari walikuwa wamekwisha kumfunga pingu Tshimanga, aliyepanda nyuma ya gari kulinda mizigo. Kesho angefukuzwa nyumba ya kampuni, arudishwe Kasai na mkewe, mama Mbombo, kwa jina la mwizi. Nusu ya Kapata ilikuwa pale ikitazama. Mukalay angenyamaza, angebaki karani na jirani mwema.



Akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote. Trei ile haikupangwa na mzee, ambaye siku zote hulaza meno yakitazama kushoto. Yeye Mukalay anajua, kwa sababu amempeleleza kila Jumapili ndani ya nyumba yake.

Inspekta, akiwa amekasirika kwamba jasusi wake amejianika, akaamuru pingu zifunguliwe.

Tshimanga alisugua mikono yake.

"Ile siku ya dimanche ulikulaka kwangu," akauliza taratibu, "mama Mbombo akakuongezea bukari ku sahani, ulikuwa ku kazi?"

"Ndiyo, tata."

"Na ile siku niliombeaka mutoto yako mugonjwa, asubui yote?"

Mukalay alitazama viatu vyake.

"Hakuna mutoto, tata."



Mukalay akanyoosha kofia, akatia mikono mifukoni, akaondoka kwa mwendo wa taratibu aliofundishwa, bila kugeuka. Uso ulimwaka moto.

Umati ukampisha njia, pana kuliko mtu mmoja anavyohitaji.