Jetoni za Marehemu Stanislas

Asubuhi ile Virginie alipofungua magasini, ghala la vyombo vya karakana, hakukuta wizi. Angekuta wizi angejua la kufanya. Alikuta jetoni ya mumewe imening'inia kwenye ndoano ya mashine ndogo ya kutobolea bati, na mashine yenyewe haipo.

Mumewe, Stanislas, alikuwa amezikwa tangu mvua za kwanza.

Jetoni ni kipande cha shaba cha duara, chenye tundu na namba ya mfanyakazi. Katika karakana ile, nyuma ya uwanja wa ndege wa Luano, ndiyo sheria yenyewe. Wanaunda mikia ya ndege ndogo kwa ajili ya kiwanda kimoja cha Afrika Kusini. Kila chombo kina mahali pake ubaoni, umbo lake limechorwa kwa rangi nyekundu. Ukikichukua, unatundika jetoni yako pale pale ili ijulikane kiko kwa nani. Jioni unakirudisha, unachukua jetoni yako, unakwenda zako. Ikibaki hata moja ubaoni, hakuna mkia unaotoka mlangoni, maana koleo lililosahauliwa ndani ya mkia halitulii hewani. Litatembea hadi libane usukani, na hapo rubani hana cha kufanya tena isipokuwa kusali.

Anayeacha kazi hurudisha jetoni zake kwa mtunza magasini, naye humfuta jina ubaoni. Stanislas hakurudisha. Homa ilimchukua ghafla, na siku ya mazishi Chef Paulin, msimamizi wa karakana, mtu wa moyo mzuri lakini asiyefikiri mbali, alizifunga zote kwa uzi wa kuvulia samaki akamtia marehemu mkononi. Wenzake walilia, wakasema hiyo ndiyo heshima. Hakuna aliyefikiri kwamba aliyezikwa na jetoni zake bado ni mfanyakazi. Wa kukumbuka sheria alikuwa mtunza magasini, na mtunza magasini ndiye aliyekuwa mjane, ameketi chini mkekani, hasikii hata akiitwa jina.

Tangu siku hiyo ganzi haikumtoka Virginie. Alipika, alimsuka binti yake Chance, alikwenda kazini, alirudi. Watu walimsifu kwamba amejikaza. Kujikaza gani? Hakuwa amebakiwa na kitu cha kukaza.

Kwa hiyo aliitazama ile jetoni kama anavyotazama kila kitu siku hizi, kwa mbali. Ilikuwa baridi. Ndani ya tundu lake kulikuwa na udongo mwekundu, mbichi, wenye harufu ya shimo lililochimbwa leo. Aliiacha pale pale. Jioni mashine ilikuwa imerudi ubaoni, imepanguswa mafuta vizuri, ncha yake imeelekezwa ukutani. Katika karakana nzima ni mtu mmoja tu aliyekuwa na mtindo wa kugeuzia vyombo uso ukutani.

Kesho yake ilikuwa nyundo. Kisha mkasi wa bati, kisha koleo. Kila asubuhi chombo kimoja kimechukuliwa, kila jioni kimerudi kisafi. Virginie hakumwambia mtu. Na ninyi msimhukumu haraka, maana alianza kuamka mapema. Haikuwa furaha. Ila katika siku nzima, kile kilikuwa kitu pekee alichokingojea.

Aliyevunja ukimya ni Keren, msichana wa Kikasai anayepiga ribiti, vile vipini vya kuunganisha mabati. Mchana mmoja umeme ulikatika, mashine ya hewa inayoendesha nyundo za ribiti ikazimika, wafanyakazi wakatoka kula. Keren alibaki kutafuta simu yake, na Virginie alikuwa dirishani pa magasini. Ndipo wakasikia ribiti zikipigwa. Sauti ilitoka ndani ya mkia uliokuwa umesimama katikati ya karakana, mkia ambao Stanislas aliuacha nusu, na ilikuwa sauti ya polepole, ya mtu asiye na haraka, inayopiga na kunyamaza na kupiga tena, ikisogea kutoka nyuma kuja mbele, kuja upande wao, na kila ilipopiga bati lilitetemeka na harufu ya udongo uliolowa ikapanda sakafuni hadi ikawajaa kooni.

"Mama Chance," Keren alinong'ona, "unasikia?"

"Nasikia."

"Courant haiko. Compresseur imenyamaza. Nani anapiga?"

"Ni ba Stanislas. Anamaliza kazi yake."

Keren alimshika mkono, kisha akauachia upesi. "Unajua tangu lini?"

"Kitambo."

"Na unanyamaza tu?"

"Anarudishaka kila kintu, Keren. Na anapangusaka muzuri."

Keren hakurudi kutafuta simu. Alikwenda moja kwa moja kwa Chef Paulin, na Chef alicheka, akasema wanawake wa siku hizi wanaangalia filamu za Nigeria kupita kiasi. Alicheka hadi alipofika mbele ya ubao. Pale jetoni ilikuwa imetundikwa mahali pa koleo, na katika tundu lake kulikuwa bado na kipande cha uzi wa samaki, na fundo lililofungwa kwa mkono wake mwenyewe. Chef aliketi juu ya sanduku.

"Miye njo nilimupatia," alisema. "Miye na mikono yangu."

Kesho yake asubuhi aliletwa Mama Christiane, wa kundi la maombi la parokia, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye nyumba nyingi za mtaa wa Bel-Air zinamjua kuliko zinavyopenda kukiri. Alikuja na chumvi na maji ya baraka katika chupa ya soda. Alizunguka mkia, akanusa ubao, akaomba aelezwe kazi ya zile jetoni. Alipoelezwa, alitikisa kichwa.

"Huyu hakukuya na mubaya," alisema. "Iko ku kazi. Hakuna mwenye alimutosha, mwenye alimuachisha kazi."

"Tumutoshe namna gani?" Chef aliuliza.

"Haiko weye." Mama Christiane alimgeukia Virginie. "Ni weye, mama. Weye njo magasinière, na weye njo bibi yake. Umutoshe ku kazi, kisha umutoshe ku nyumba. Yote mbili, na kinywa yako. Ukimufungia hapa tu, ile mikono imeisha kuzoea kukamata. Itatafuta kingine. Na weye uko na mutoto ku nyumba."

Virginie alielewa. Hilo nalisema ili mtu asije kumtetea baadaye kwamba hakuelewa.

Alichukua kitambaa chenye petroli akafuta jina la Stanislas ubaoni. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo: "Stanislas, kazi yako hapa imeisha. Hauna tena ruhusa ya kukamata chombo."

Ndani ya mkia kitu kiliburuzika. Kisha jetoni zikaanza kuanguka, moja moja, kutoka mahali ambapo hapakuwa na mtu wala ndoano, zikilia juu ya saruji, zimepakaa tope. Keren alijifunika uso. Chef alikuwa anasali Salamu Maria na kuirudia mwanzo kila anapofika katikati.

"Sasa ile ya nyumba," Mama Christiane alisema taratibu. "Umuambie hauko tena bibi yake."

Virginie alifungua kinywa. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini aliona asubuhi zake zote za mbele, ubao umejaa, hakuna kinachokosekana, hakuna wa kumngojea, na ganzi ikampanda kutoka miguuni hadi kwenye ulimi.

"Nimesema," alinong'ona. "Nimesema ndani ya roho."

Mama Christiane alimtazama sana. Kisha akanyunyiza chumvi, akaokota chupa yake. Walizoa jetoni katika kopo. Moja haikuonekana, Chef akasema imebingirika chini ya kabati. Mkia, sasa umekamilika, ulipakiwa kwenye lori kabla ya mchana, na Virginie akaruhusiwa kurudi nyumbani mapema.

Nyumbani jirani yake, Mama Joëlle, anayemwangalizia mtoto, alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. "Chance amelala," alisema. "Hata sauti yake sijasikia."

Virginie aliingia. Chandarua kilikuwa kimeshushwa na kuchomekwa vizuri pande zote, shuka limenyooshwa, na juu ya shuka kulikuwa na bonde dogo la mwili wa mtoto aliyelala kiubavu, kichwa, mabega, magoti yaliyokunjwa, lakini mtoto hayupo, na kwenye kamba ya chandarua, juu kabisa ya bonde lile, jetoni ilikuwa inazunguka polepole kana kwamba mkono umeiachia sasa hivi.

Ganzi ilimtoka yote kwa mara moja. Alichungulia chini ya kitanda, akapiga ukelele. Alisema sasa yale maneno, hauko tena bwana yangu, hauko tena bwana yangu, akayasema hadi sauti ikakauka, na jetoni haikuanguka. Mama Joëlle alikimbia kuita majirani, wakatawanyika hadi barabarani wakiita jina la Chance. Virginie hakutoka. Aliketi chini akiitazama jetoni, kwa sababu aliijua sheria, na hakuwa na kingine cha kushika.

Jua lilipozama, alipepesa macho, na kamba ya chandarua ilikuwa tupu. Chance alikuwa amesimama pembeni mwa chumba, uso ukutani. Alikuwa amepanguswa kwa mafuta ya mashine kutoka kichwani hadi miguuni, safi kabisa kama chombo, na alipokumbatiwa alikuwa baridi kama bati. Virginie alimgeuza, akamlilia shingoni. Mtoto alivumilia kidogo, kisha akapiga miayo.

"Papa anasema nilale upesi," alisema. "Kesho atakuya kunikamata mapema. Kazi iko mingi."