Nilimzaba Kofi Aliyemwaga Uji Wangu

Jamani, nilimkamata kwa macho yangu mwenyewe!

Enesi, rafiki yangu wa mazoezi, kachuchumaa nyuma ya vyoo vya uwanja pale Vwawa, anamwaga uji wangu chini. Saa moja na nusu kabla ya mbio!

"Enesi! Unafanya nini?"

Akashtuka, akaniita jina langu. "Tumpe... usinywe huu uji."

"Kwa nini?"

"Muulize mama yako."

Eti mama yangu! Nikamzaba kofi, paaa!

Msinihukumu haraka. Nafasi ya timu ya mkoa, kilomita kumi wasichana, ilikuwa moja tu. Tuliokuwa tunaigombea ni mimi na yeye. Wewe ungewaza nini?

Kocha Mbonile akaja mbio.

"Kuna nini hapa?"

"Kocha, ananihujumu! Kamwaga chakula changu!"

"Enesi, kweli?"

"Nimemwaga, kocha."

"Sababu?"

Akanitazama tu, machozi yanamlengalenga.

"Vua namba. Nenda nyumbani."

Akavua. Akaweka ndizi mbili kwenye benchi karibu yangu, akaondoka. Nilikula ndizi zile kwa hasira, maana sikuwa na kingine.

Sasa niwaambie kitu ambacho nilikuwa naficha, nilichomwambia Enesi peke yake. Nina ugonjwa wa siliaki. Daktari aliniambia mwaka jana kwamba ngano, hata kidogo, inaumiza utumbo wangu, halafu chakula hakinisaidii mwilini. Nikaacha. Wenzangu wakimaliza mazoezi wanakula chapati maharage, mimi nafungua kopo langu la viazi vya baridi.

"Dada, unaringa na diet!"

Nacheka nao. Ila moyoni nilikuwa nimechoka, jamani.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba sikuwa napona. Kila alfajiri naamka, napita pembeni ya malori yaliyopanga foleni ya mpaka hapa Tunduma, nikifika kilomita ya tatu tumbo limejaa kama ngoma. Naingia vichakani. Narudi, miguu mizito. Mtaani wakasema nina mimba, wengine wakasema nimerogwa. Mara ngapi nimekaa kitandani na raba mkononi, nalia, sitaki hata kuzivaa! Nilikuwa nafuata masharti yote, sasa nakosea wapi?

Basi, siku ile nilikimbia na ndizi mbili tu tumboni. Nikashinda!

Nikarudi nyumbani. Mama alinipokea kwa vigelegele. Huyu mama katoka Iyula mwezi wa tatu, kaacha kahawa yake shambani, kaja kunipikia ili nifanye mazoezi vizuri.

"Nilijua tu!" anaruka. "Nilijua ile ngano itakupa nguvu!"

"Ngano gani, mama?"

"Si ya kwenye uji! Ulezi mtupu una nguvu gani, mwanangu? Nachanganya unga wa ngano, vijiko vitatu vitatu."

Nikakaa chini, pale pale mlangoni.

"Tangu lini?"

"Tangu nimekuja. Huyo rafiki yako Enesi aliniona asubuhi alipokuja kukupitia. Akasema niumwage. Nikamwambia wewe mtoto, mwenzio ana mbio leo, usimtie hofu. Nikamwomba asikwambie."

"Mama! Mimi nimekatazwa ngano!"

Akanishangaa.

"Ulisema chapati na mkate. Nimewahi kukupa chapati? Hata maandazi sijakupa!"

Ni kweli. Hajawahi kunipa.

Niliona aibu kumtajia ugonjwa. Niliogopa atalia, ataita wachungaji, ukoo mzima Iyula ujue. Nikamwambia tu kwamba tumbo halipatani na chapati na mkate. Neno ngano sikulitamka hata mara moja. Mama wa watu akatii nilichosema, halafu akatafuta njia nyingine ya kunipa nguvu nilizokosa.

Siku ile nilimweleza yote. Alilia kweli, akaniomba msamaha. Nikamwambia mwenye kosa ni mimi.

Halafu nikampigia kocha.

"Kocha, Enesi alikuwa ananiokoa. Nafasi mpe yeye."

"Una uhakika? Umeitafuta mwaka mzima."

"Mpe, kocha."

Enesi ameichukua. Ameondoka na timu jana. Simu zangu hapokei, na meseji zangu saba amezisoma bila kujibu neno.

Mimi siku hizi nina wiki ya nne sina ngano tumboni. Leo nimekimbia kilomita sita bila kuingia vichakani. Nimefurahi kidogo, ila pembeni yangu hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Ndugu msomaji, kama una masharti ya chakula, anayekupikia mwambie jina la ugonjwa na jina la kinachokudhuru, hata kama unaona aibu. Na rafiki akikwambia usinywe, mpe dakika moja ajieleze kabla hujainua mkono.

Enesi, kama unasoma hapa... nisamehe.