Makopo Meupe

"Anakata kushoto, Wembe. Usimpoteze."

Sauti ya mkuu wake ilikwaruza kwenye kifaa cha sikioni. Wembe alilaza pikipiki yake ya Yamaha kwenye kona mpaka goti likakaribia kunusa lami, akaipita Hiace aliyokuwa akiifukuza na kuikingamia kwa mbele.

Breki zililia.

Sukari, mkubwa wa magendo ya dawa bandia za kifua kikuu, aliruka nje na bastola mkononi. Alichelewa. Teke moja, bastola chini. Mdomo wa Beretta ya Wembe ukamgusa shingoni.

"Shikamoo, Sukari."

"Kaka, tuelewane."

"Utaelewana na pingu."

Nyuma ya gari makopo meupe yalipangwa vizuri kama vyombo vya bibi harusi. Kila kidonge kilikuwa na unga tele na dawa kiduchu: ya kuwazoesha vijidudu, si ya kuwaua.

Miezi minane akiwapeleleza, Wembe aliyaangalia makopo hayo yakipita. Aliyapiga picha kwa kamera ya kwenye kifungo cha shati, asiyaguse. Amri ilikuwa hiyo: waache wauze, tumpate mkubwa wao.

"Safi sana," mkuu alisema.

Polisi walipomchukua Sukari, simu ya Wembe ikatetemeka. Dada yake.

"Kaka, njoo hospitali. Makohozi ya mama yamewekwa kwenye mashine. Dawa anameza kila siku, na bado anayeyuka kama sabuni."

Maabara ilinuka spiriti. Madirisha yote yalikuwa wazi. GeneXpert, mashine ya kijivu ya kupima kifua kikuu, ilikaa mezani, taa yake ya kijani ikipepesa. Wembe alisimama mbele yake kama askari wa gwaride.

"Kaa, baba," alisema mama wa maabara. "Hata ukiikodolea macho haiongezi mwendo. Zamani tungesubiri wiki na wiki. Hii haifiki saa mbili."

Akakaa.

Majibu yalipotokea kwenye kompyuta, yule mama wa maabara alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la koti, akasoma tena.

"Ni kifua kikuu sugu. Rifampisini, dawa yenyewe kubwa, haimsaidii tena. Tunambadilishia leo. Ila kifua kimeshaliwa sana, sikufichi."

Mama yake alikuwa kwenye benchi la nje, barakoa imemfunika mpaka chini ya macho. Akatoa kitu kwenye kikapu.

"Sikuruka hata siku moja, mwanangu. Ona, nimezimaliza."

Kopo jeupe. Lebo ileile, imebandikwa kombo vilevile. Wembe alilijua. Huenda alilipiga picha.

"Hukukosea wewe, mama."

Alipotoka uani, sikio likakwaruza tena.

"Wembe, kuna mzigo mwingine umeshuka bandarini. Waache wautawanye kwanza, tumpate anayemletea Sukari."

"Utawanywe kwa mama wa nani, mkuu?"

"Wembe, hiyo ni amri."

Alikichomoa kile kifaa sikioni, akakitia ndani ya kopo, akafunga kifuniko na kuliweka mfukoni. Kisha akawasha Yamaha, akashika njia ya bandarini, taratibu, kama mtu aendaye sokoni.