Sungura Asiyekimbia

Mwaka ule mvua zilinyesha sana. Majani yalifika magotini. Sungura wa porini nao wakaongezeka kupita kiasi. Walikula mchicha bustanini, walikula majani ya maharage, na asubuhi ungewakuta wamejaa kando ya njia. Watu walitania, "Mwaka huu sungura ni wengi kuliko sisi."

Kwa mfyatua matofali, mvua ile ilikuwa msiba. Tofali bichi halikauki mvuani. Kazi ilisimama, na kalibu zake za kufyatulia zikakaa ukutani bila kuguswa. Lakini mke wake alikuwa mtegaji hodari. Alifundishwa na baba yake tangu utotoni, na mtaa mzima ulimwita Mama Mitego. Sungura wengine walipikwa nyumbani. Wengine aliwauza kwa mchoma nyama pale kona.

"Mume wangu akikosa tofali, mimi sikosi kitoweo," alipenda kusema. Mumewe alicheka tu, maana ilikuwa kweli.

Asubuhi moja Mama Mitego alikwenda kukagua mitego yake. Njiani alimkuta sungura amekaa katikati ya njia. Hakukimbia. Macho yake yalikuwa yamefumba nusu. Mama Mitego akamshika masikio, akamtia kikapuni.

"Huyu vipi?" mumewe aliuliza. "Kajileta mwenyewe sufuriani?"

"Siku ya bahati ni bahati," alijibu mkewe.

Alimchuna kwa mikono mitupu, kama siku zote. Kidole chake kilikuwa na mkato mbichi wa waya wa mtego. Alipopasua tumbo aliona madoa madogo meupe kwenye ini, kama chembe za chumvi. Alisita. Kisha akalitupa ini, nyama akaipika. Walikula yote, wakalamba na vidole.

Baada ya siku chache kile kidole kilivimba. Pale penye mkato pakachimbika kidonda. Homa ikampanda. Mtoki ukamtoka kwapani, mkubwa kama yai.

"Ni malaria," alisema, akameza vidonge vya dukani. Homa haikuondoka. Siku iliyofuata alishindwa hata kuinua ndoo ya maji. Mumewe hakuwahi kumwona hivyo, akaingiwa na hofu.

Akampigia simu dada yake. Dada huyu alikuwa mtaalamu wa mifugo. Siku zote alikuwa juu ya pikipiki, akienda kuchanja kuku na kutibu mbuzi wa watu.

"Wifi, nasikia umelala kama gunia," alisema alipoingia chumbani. "Nani atanipikia nikija?"

Mama Mitego alijaribu kucheka, akashindwa. Wifi yake akamshika mkono, akakitazama kidole kwa muda.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Mwiba tu."

"Mwiba gani unaleta mtoki kwapani?"

Mama Mitego akageukia ukuta. Alijua akisema ukweli, maneno yatasambaa. Nani atanunua tena sungura wake?

"Mwambie ukweli," mumewe alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie habari za yule sungura."

"Wifi yangu, mficha maradhi kilio humuumbua," alisema mgeni. "Sema."

Basi akasema yote: sungura aliyekaa njiani, mkato wa waya, madoa meupe kwenye ini.

"Sikiliza," alisema wifi yake. "Sungura mzima hakungoji. Akikungoja, huyo ni mgonjwa. Mwaka huu wamezidi, wanabanana. Kupe anamuuma mgonjwa, kisha anamuuma mzima. Ugonjwa unazunguka hivyo. Watu huuita homa ya sungura, na binadamu anaupata pia."

"Mbona mimi nimekula na siumwi?" aliuliza kaka yake.

"Kwa sababu nyama iliiva sawasawa. Moto umeua vijidudu. Mkeo vilimwingia kidoleni kabla nyama haijafika sufuriani. Shida ilikuwa kwenye kuchuna."

"Nitapona?" aliuliza Mama Mitego.

"Utapona. Dawa ipo. Lakini si hivi vidonge vyako vya dukani. Twende hospitali sasa hivi. Na daktari akikuuliza, usimwambie habari za mwiba! Mwambie ulichuna sungura. Asipojua hilo, atatibu kitu kingine."

Akampakia kwenye pikipiki, mumewe akafuata kwa miguu. Daktari alisikia habari yote. Akachukua damu ya kupima, akampa dawa za kuua vijidudu. "Umalize zote," alisema. "Hata ukijisikia nafuu, usiache katikati."

Mama Mitego alizimaliza. Homa ikashuka. Mtoki ukapungua polepole, na kidonda kikafunga. Siku aliyoweza kusimama jikoni bila kushika ukuta, alijifunga kanga kiunoni, akasema, "Nakwenda kwa mchoma nyama."

Mumewe akashtuka. "Ukimwambia, umejifungia riziki mwenyewe."

"Acha ijifunge. Nimewalisha watu nyama miaka yote. Siwezi kuwalisha ugonjwa."

Mchoma nyama alikuwa akipepea moto. Alimsikiliza, akacheka. "Wewe umepona, sasa unataka kuniua mimi kwa njaa? Wateja wangu hawajalalamika."

Kesho yake Mama Mitego alirudi. Keshokutwa pia. Alikaa kwenye benchi la wateja na kumwonyesha kidole kila aliyekuja. Mchoma nyama akanuna. "Mama, unanifukuzia watu!"

"Siwafukuzi. Nawaambia waulize sungura alipatikana vipi."

Alasiri moja wakaja vijana wawili na mfuko. "Mzee, tuna sungura watatu, bei poa. Hatukutega hata mtego. Tumewaokota tu njiani wamekaa, tukawachinja."

Mchoma nyama akanyoosha mkono. Mama Mitego akasimama mbele yake.

"Usiguse! Tazama mikono yako."

Akaitazama. Ilikuwa na malengelenge ya moto, na mkato wa kisu kwenye kidole gumba. Akatazama mfuko. Akatazama wateja, ambao sasa wote walikuwa wamemkazia macho. Akaurudisha mkono wake taratibu.

"Haya," alisema, na safari hii hakucheka. "Tufanyeje?"

Wakamwita mtaalamu wa mifugo. Alikuja na glavu za mpira na mifuko mizito. Alichukua sungura mmoja akapimwe. Wawili aliwafukia kwenye shimo refu, mbwa wasiweze kufukua. Vijana aliwanawisha mikono kwa sabuni, akawaambia wakipata homa au kidonda wawahi hospitali. Majibu ya kipimo yalipotoka, hakuna aliyebisha tena. Ugonjwa ulikuwepo.

Tangu hapo mchoma nyama hakununua sungura wa kuokotwa, hata kwa bei ya bure. Alichuna kwa glavu. Nyama aliiacha motoni mpaka wekundu wote uishe, na mteja mwenye haraka aliambiwa, "Njaa yako isubiri moto wangu." Wateja hawakukimbia. Waliongezeka. Hospitali nako walifika watu wengine wawili wenye vidonda mikononi. Walisema wazi walichochuna, wakatibiwa mapema, wakapona.

Sungura wenyewe walipungua sana. Wengi walikufa kwa ugonjwa. Mama Mitego akaondoa mitego yake yote. "Waliobaki wazaane kwanza," aliwaambia wategaji wenzake. "Tukiwamaliza hawa wachache, mwakani tutatega upepo." Wengine walinung'unika, lakini walimfuata. Jua lilikuwa limerudi, matofali yakakauka, na maharage yalitosha kwa kitoweo.

Majani yalipoota upya, sungura walionekana tena, wepesi kama mshale. Mama Mitego akatega michache tu. Siku aliyompata wa kwanza, mumewe akasema, "Leo nachuna mimi." Akahangaika na glavu. Mikono ya mfyatua matofali haiingii kirahisi. Glavu ya kwanza ilipasuka.

"Vaa nyingine," mkewe alisema. "Hapa hachuni mtu kwa glavu iliyotoboka."

Ini lilikuwa safi, halina doa. Nyama ikachemka mpaka ikaachana na mfupa. Wifi akatokea mlangoni na kofia ya pikipiki mkononi, kabla hajaitwa.

"Nani kakuambia tumepika?" aliuliza Mama Mitego.

"Pua yangu," alijibu. "Paja ni langu. Hayo mengine gawaneni mnavyojua."